Kava Halizuii Gari: Tuikague Nguzo Kabla ya Kuivalisha

(Maneno ya mjumbe wa chama, ambaye ni mhasibu, katika harambee ya mwaka iliyofanyika Singida Mjini)



Kamati imenipa nafasi nizungumzie jambo linaloonekana dogo. Ni yale makava ya plastiki yatakayovalishwa nguzo za usalama tunazochangia leo, zitakazosimikwa mbele ya mageti ya shule. Najua wapo mnaojiuliza mhasibu ana habari gani na plastiki. Habari yangu ni fedha zenu. Katika mradi huu, kava ndilo litakaloonekana, na kila mahali penye kitu cha kuonekana, mhasibu huuliza ndani kuna nini.

Tuanze na sababu ya nguzo zenyewe. Mji wetu uko njiapanda. Barabara inayotoka Dodoma kupitia Manyoni inaingia hapa na kuendelea Shelui, Nzega hadi Mwanza. Nyingine inatoka hapa kwenda Babati na Arusha. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita kwetu usiku na mchana. Neema ya njiapanda tunaijua: hoteli, gereji, magunia ya vitunguu, alizeti na kuku wa kienyeji. Lakini mtoto anayesubiri kuvuka kwenda shule yuko kwenye njiapanda hiyohiyo, pamoja na lori, bajaji na bodaboda.

Sheria inataka mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Wapo wanaotii, wapo wasiotii. Na hesabu ya mwendo haina huruma: gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Kwa hiyo nguzo si pambo. Kazi yake ni kuutenga uwanja wa watoto na njia ya magari, ili dereva asitumie mbele ya geti kama maegesho, na gari linalohama njia likutane na chuma kabla ya kukutana na mtoto.

Hapo ndipo penye neno langu kuu. Kava halizuii gari. Kinachozuia gari ni bomba nene la chuma lililojazwa zege na kuzikwa ndani ya msingi wa zege kwa kina alichokipanga mhandisi. Kava linafanya kazi tatu tu: linaifanya nguzo ionekane, linaikinga na mvua na mikwaruzo, na linapunguza ukali wa chuma kwa mtoto atakayejigonga akikimbia. Ni kazi nzuri zote tatu. Lakini ukichukua bomba jembamba, tupu ndani, ukalichomeka kwenye shimo la kina cha kiganja, kisha ukalivalisha kava jipya la njano, macho hayatatofautisha. Litapigwa picha siku ya uzinduzi pamoja na mengine. Siku lori litakapoligusa ndipo tutajua tulinunua nini.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika kazi yangu nimeona vitabu vya hesabu vilivyopangwa vizuri sana, na sanduku likawa tupu. Kwa hiyo ninaomba harambee hii iweke sharti moja kwa kamati: hakuna kava litakalovalishwa kabla ya nguzo kukaguliwa na kusainiwa. Shimo lipimwe kabla ya zege kumwagwa. Unene wa bomba upimwe kabla ya kujazwa. Mhandisi asaini, mwalimu mkuu asaini, mjumbe wa kamati asaini. Baada ya hapo fundi avalishe kava lake.

Na kabla ya hayo yote, kibali. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mjini na za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Hifadhi ya barabara si shamba la mtu, na nguzo iliyowekwa mahali pabaya inaweza yenyewe kuwa hatari kwa dereva. Wao ndio watakaotuonesha pa kuweka na kwa umbali gani. Mimi nitakumbusha tu kwamba bajaji ina upana wa karibu mita 1.3, na kiti cha magurudumu cha mwanafunzi mwenye ulemavu lazima kipite. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ifikiriwe kwa wote wawili. Bodaboda itapita, tusidanganyane. Kwa bodaboda dawa ni elimu na askari.

Sasa tuje kwenye kuchagua kava lenyewe. Nina mambo matano.

La kwanza ni jua. Singida iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ikweta, na kiangazi chetu ni kirefu. Jua huvunja plastiki kidogokidogo: inachujuka, inakakamaa, kisha inapasuka. Tazameni matanki ya maji mitaani, mengi ni meusi. Weusi ule si urembo. Ni kaboni, kama masizi, inayochanganywa kwenye plastiki ili jua lisipenye. Kwa nguzo hatuwezi kuchukua nyeusi, usiku haitaonekana. Tutachukua njano, lakini muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba plastiki yake imewekewa dawa ya kuhimili jua. Njia rahisi ya kumpima ni kumwambia atuoneshe kava aliloliuza miaka mitatu iliyopita, likiwa mahali lilipo. Ukipitisha kidole juu yake kikatoka na unga kama wa chaki, jua limeshaanza kulila.

La pili ni unene. Makava mengi sokoni yana unene wa karibu milimita 3, na yapo ya milimita 6. Penye kugongwagongwa na toroli na bajaji, nene linadumu zaidi. Jembamba likipasuka linabaki na ncha kali, na hapo limegeuka kuwa jeraha la mtoto.

La tatu ni kipimo. Dukani tunasema bomba la inchi 4, lakini bomba hilo la chuma kwa nje lina karibu milimita 114, ambazo ni zaidi ya inchi 4. Ukiagiza kava kwa jina la bomba, linaweza lisiingie. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye nguzo: ukipata kama sentimita 36, ndiyo hiyo. Kava likibana sana litapasuka. Likilegea sana litapiga kelele usiku kucha, maana upepo wa Singida tunaujua, hadi wataalamu wameupigia hesabu za kuzalisha umeme.

La nne ni kichwa na kufunga. Juu pawe na mviringo ili maji yasituame. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, kwa sababu maji yakiingia ndani ya kava hayatoki upesi, na kutu itakula gizani. Kisha kava lifungwe sawasawa. Nawaomba msicheke: kava limezibwa juu na liko wazi chini. Likigeuzwa, ni ndoo. Lisipofungwa imara tutalikuta kisimani.

La tano ni usiku. Njano inasaidia mchana. Usiku kinachosaidia ni mkanda wa kuakisi mwanga, kama ule wa nyuma ya malori. Uwe mipana miwili kwa kila nguzo, na ubandikwe juu ya kimo cha matope na majani.

Baada ya hapo ndipo tuangalie bei. Nitatoa mfano wa kuhesabia tu, bei halisi zitatoka kwenye zabuni. Tuseme kava la kwanza ni shilingi 35,000 na linadumu miaka 2. La pili ni shilingi 90,000 na linadumu miaka 8. Kila kava linapobadilishwa fundi anachukua 10,000. La kwanza linatugharimu 22,500 kwa mwaka, la pili 12,500. Kwa nguzo 24 katika miaka 8, yale ya bei ndogo yatakula shilingi 4,320,000, na yale ya bei kubwa 2,400,000. Tofauti ni 1,920,000. Rahisi ni ghali, na hapa ughali wake unahesabika. Tena hesabu hiyo inadhani kwamba kila baada ya miaka miwili tutapata fedha za kubadilisha. Tusipozipata, watoto wetu watabaki na vipande vya plastiki na nguzo isiyoonekana.

Naomba pia niseme juu ya pendekezo la kuandika majina ya wafadhili kwenye makava. Nimelisikia, na nalielewa, kwa sababu mtu aliyetoa apewe heshima yake. Lakini kila jina litachukua nafasi ya njano au ya mkanda wa kuakisi mwanga, na dereva wa saa tano usiku hahitaji kusoma jina, anahitaji kuona nguzo. Isitoshe, maandishi ya biashara kando ya barabara yana taratibu zake. Majina yenu yaandikwe katika kijitabu hiki, na kwenye ubao ndani ya ofisi ya shule. Pale yatadumu kuliko kwenye plastiki.

Mwisho ni matengenezo. Uzinduzi una mkasi, mgeni rasmi na mpiga picha. Matengenezo hayana hata mmoja wa hao. Ninapendekeza katika kila shilingi 100 tutakayochanga leo, shilingi 10 ziwekwe kwenye akaunti ya matengenezo na zisiguswe kwa kazi nyingine. Kila nguzo ipewe namba na iingizwe kwenye daftari la mali la shule. Mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika, mwalimu na mjumbe mmoja wazipitie: iliyopasuka ibadilishwe, yenye mkanda uliobanduka ibandikwe, na mtu asichome taka karibu nazo. Kila kinachonunuliwa kiwe na risiti ya EFD, na hati ya dhamana ya muuzaji ihifadhiwe na mweka hazina, maana dhamana isiyo na risiti ni maneno ya mdomoni.

Ndugu zangu, mnapopita meza ya michango, msiniulize kava moja ni shilingi ngapi. Ulizeni nguzo moja iliyokamilika ni shilingi ngapi: shimo, zege, chuma, rangi, kava, mkanda, na miaka minane ya kuitunza. Kiasi hicho kimeandikwa ukurasa unaofuata. Atakayeweza nguzo nzima, tutashukuru. Watakaoungana watano kwa nguzo moja, tutashukuru vilevile. Na mwakani, kwenye harambee kama hii, nitaleta orodha ya nguzo zote kwa namba zake, na sahihi tatu mbele ya kila moja.