Mwamba wa Tororo na Mafuvu ya Kale



Mwamba wa Tororo tunaujua kama alama ya mji, na chokaa ya pembeni yake kama mali ya kiwanda cha saruji. Kwa mwanajiolojia ni kiini cha volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita; mlima wenyewe ulikwisha kumomonyoka. Ndugu zake wamesimama pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya: Elgon, Napak huko Karamoja, Tinderet, na Kisingiri jirani na kisiwa cha Rusinga.

Volkano hizi zilitema majivu yenye chokaa na soda. Mfupa ukifunikwa upesi na majivu hayo, asidi ya udongo haiuli, na madini huupenya polepole hadi uwe jiwe. Ndivyo mtafiti wa visukuku Mary Leakey alivyopata Rusinga, Oktoba 1948, fuvu la mnyama wa ukoo wa sokwe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Spishi yake leo huitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey miaka mingi. Na Julai 2011, wataalamu wa visukuku Martin Pickford na Brigitte Senut wakapata Napak fuvu la dume la Ugandapithecus, mnyama mwingine wa ukoo wa sokwe, la miaka kama milioni 20: kichwa cha ukubwa wa sokwe, ubongo wa ukubwa wa nyani.

Hawa si binadamu. Waliishi kabla ukoo wetu haujaachana na wa sokwe, na magazeti yanayowaita babu zetu yanaharakisha. Mimi ningewaita wajomba wa mbali. Ila kichwa kile cha Napak kinafundisha jambo: viungo havibadiliki vyote kwa pamoja. Hata kwa binadamu, miguu ilitangulia kusimama na ubongo ukafuata baadaye sana.

Sasa nije kwenye ubishi wangu. Tunajisifu kuwa chimbuko la binadamu kwa kuwa mafuvu yamejaa kwetu Afrika Mashariki. Je, na sokwe? Visukuku vyake vya kwanza kutambuliwa, meno machache ya Baringo ya miaka kama 500,000, vilitangazwa 2005 tu. Sokwe hawakukosekana, waliozea msituni. Na mwaka 2001 fuvu lililoitwa Toumaï, linalohesabiwa na wengi katika ukoo wa binadamu, la miaka kama milioni 7, liliibuka Chad, mbali kabisa na Bonde la Ufa, likatikisa hadithi iliyotuweka sisi peke yetu mwanzoni. Ramani ya mafuvu ni ramani ya mahali mifupa ilipohifadhika na watu wakaenda kuitafuta.

Tororo yenyewe haijatoa fuvu la aina hiyo. Majivu yake yalisombwa, na ndani ya kiini cha volkano hazikiki mnyama. Anayesema hapa hapakuwa na kitu anausingizia mwamba.