Munkoyo haingojake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, mkutano wa asosiasio, Kamina



Mlinipa dakika kumi niseme juu ya mkopo wa wamama wanaopika munkoyo. Nitaanza na kosa langu, maana nisipolisema mimi, kuna mama hapa mbele atalisema.

Nilipoanza kazi kwenu nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kichwa kimejaa mambo ya usafi. Niliona wamama wanapika uji wa mahindi, wanauacha upoe, kisha ndipo wanatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, mibichi, kutoka porini. Nikasema: hapana, hiyo italeta magonjwa, chemsheni mizizi pamoja na uji. Waliheshimu karatasi zangu. Kesho yake sufuria tatu zilikuwa uji mzito tu, bila utamu wowote. Tukawapa nguruwe. Mama mmoja mukubwa akaniambia: "Mwanangu, mizizi ya munkoyo habaipikake. Uliiua. Ile mizizi njo inaletaka utamu."

Alisema kweli. Ndani ya mizizi mna anzimu, kitu chenye kukata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Moto wa kuchemka unaiua. Lakini uji ukiwa vuguvugu, inafanya kazi: uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Ile sukari nayo ikilala usiku mmoja, mbili, inachacha. Mwanzo ni kinywaji cha nyumba nzima, hata watoto. Nyuma yake ni pombe. Usafi unaotakiwa ni huu: maji yachemke, vyombo vimwagiwe maji ya moto, mizizi ioshwe vizuri. Basi.

Sasa sikilizeni habari ingine. Mgeni mmoja wa wafazili alilala hapa Kamina, tukaongea usiku. Yeye kwao anapika pombe jikoni, pombe ya kahawia, kwa rangi kama Tembo yetu ya Lubumbashi, lakini chungu. Nikashangaa: kazi ni moja! Yeye hatumii mizizi. Anatumia shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, na anzimu iko ndani ya mbegu yenyewe. Anailoweka ndani ya maji ya moto, digri 65 hivi, karibu saa moja, na yeye pia haiachi ichemke. Rangi ya kahawia inatoka kwa shayiri iliyokaangwa.

Tofauti inakuja nyuma. Akishapata yale maji matamu, anayachemsha saa moja pamoja na hubloni, yaani maua machungu ya mmea unaotambaa juu ya miti. Anayapooza, anatia levire. Hubloni inaleta uchungu na harufu, lakini tena inazuia vidudu vinavyoharibu pombe. Ndiyo maana chupa zake zinangoja wiki nyingi, hata miezi. Uingereza zamani, mbele hubloni haijaingia kule katika karne ya 15, pombe yao ilikuwa inaharibika upesi vilevile.

Hapa ndipo ninafika kwa mkopo. Munkoyo haina hubloni. Haingojake. Ikipita siku chache inakuwa kali, wateja wanakataa. Na sisi tulifanya nini? Tulitoa feza nyingi mara moja, tukasema: rudisha yote mwisho wa mwezi. Mama akapika pipa nzima. Mvua ikanyesha siku mbili, soko tupu, akamwaga nusu. Deni yeye hakuweza kulimwaga. Akatafuta pombe yenye kungoja: lutuku. Lutuku unaiweka ndani ya bido, mwezi unaisha, haiharibiki. Mama akalipa. Kwa ripoti nikaandika "amelipa". Sikuandika amelipa na nini. Nyumba ambazo lutuku ilipitia hapa kwetu mnazijua, sitazitaja.

Wafazili wengine wanauliza: kwa nini feza ya msaada iende kwa pombe? Ni ulizo la haki. Jibu langu ni kwamba mkopo wetu wenyewe ndio uliomsukuma mama atoke kwa munkoyo aende kwa lutuku. Tukifunga mkopo kabisa, munkoyo itapungua na lutuku itabaki, juu feza ya masomo ya watoto haitangoja kura yetu.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mkopo uwe wa sufuria moja: unga, makala na mizizi tu. Mama anauza, anarudisha kisha ya soko, anachukua tena. Pili, wamama wanne wanne wapokezane siku, ili wote wasiuze siku moja, na siku treni inaingia wapike wawili, wauze munkoyo ikingali tamu. Tatu, bido iliyobeba petroli au dawa ya mashamba isitumiwe hata ikioshwa mara kumi. Na mwenye kupika lutuku na feza ya asosiasio apoteze zamu yake. Hiyo ya mwisho haikutoka kwangu. Wamama wenyewe waliisema.

Kura ni Jumapili. Mkikubali, somo la kwanza la kupika litafanywa na yule mama mukubwa aliyenifundisha. Mimi nitashika kalamu na kuandika, safari hii na kile feza imefanya.