Mtoto Anapouliza: Wajibu wa Familia katika Kumwandaa Mtoto kwa Komunyo ya Kwanza

(Mada kwa semina ya wazazi, walezi na makatekista wa parokia)





1. Utangulizi

Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Kutoka, Mungu anapowaagiza Waisraeli kuadhimisha Pasaka, anawatahadharisha kwamba watoto watauliza maana ya ibada ile. Jukumu la kujibu analiweka mikononi mwa wazazi. Yesu alilelewa katika desturi hiyo. Injili ya Luka inatuambia kwamba kila mwaka wazazi wake walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Na alipotuachia Ekaristi Takatifu, alituachia akiwa mezani, katika karamu ya Pasaka.

Katika parokia nyingi za kwetu tumezoea kumwandikisha mtoto kwenye mafundisho, kumnunulia daftari na katekisimu, kisha kumwachia katekista kila kitu hadi siku ya gauni jeupe. Katekista anakaa na watoto wengi kwa saa chache kwa wiki. Wewe mzazi unakaa na mwanao siku zote. Hoja yangu leo ni hii: darasa la kwanza la Komunyo ni nyumbani, na katekista ni msaidizi wetu.

2. Kanisa linafundisha nini

Kwa muda mrefu watoto wengi walicheleweshwa kukomunika hadi miaka 12, 14 au zaidi. Mwaka 1910 Papa Pius X alitoa hati ya Quam Singulari, akaagiza mtoto apokee Komunyo anapofikia umri wa kutumia akili, yaani karibu na miaka saba. Hakudai mtoto ajue mafundisho yote ya imani. Alitaka aweze kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na apokee kwa ibada inayolingana na umri wake. Wajibu wa kumwandaa mtoto aliuelekeza kwanza kwa wazazi, pamoja na muungamishi, walimu na paroko.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 914, inarudia jambo hilo: wazazi na walezi ndio wanaotajwa kwanza, kisha paroko. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani.

3. Maswali matatu ya watoto

*Swali la kwanza: "Ile ni nini, mbona inafanana na biskuti?"* Usimkemee mtoto kwa swali hili, maana ndilo swali lenyewe la Ekaristi. Mwambie kwa maneno machache kwamba kabla ya mageuzo ni mkate, na baada ya mageuzo ni Yesu mwenyewe, ingawa macho yetu bado yanaona umbo la mkate. Kisha aone kwako kwamba unaamini unachosema. Mzazi anayepiga goti mbele ya Tabernakulo na kuizima simu yake wakati wa Misa amekwisha kufundisha nusu ya somo.

Hapa pia ndipo pa kumfundisha mfungo wa Ekaristi: saa moja kabla ya kukomunika hatuli wala hatunywi, isipokuwa maji na dawa. Mtoto hana haja ya kushinda njaa tangu alfajiri, lakini pipi na bigiji ndani ya kanisa hapana.

*Swali la pili: "Kwa nini niungame kwanza?"* Watoto wengi hukiogopa kiti cha kitubio kwa sababu nyumbani tumekigeuza fimbo. "Ngoja, utaenda kumweleza padri!" Maneno hayo tuyaache. Mtoto ajifunze nyumbani kwamba kosa linasemwa, linasamehewa na linakwisha. Baba akimwonea mtoto, amwombe msamaha. Na mtoto akitoka kuungama, asiulizwe alisema nini. Siri hiyo ni yake na Mungu.

*Swali la tatu: "Mama, mbona wewe hukomuniki?"* Hili ndilo swali zito kuliko yote. Wapo kati yetu wanaoishi bila ndoa ya Kanisa, wengine kwa sababu mahari haijaisha, wengine kwa kusubiri fedha za sherehe, hali ambayo mapadre wetu huiita uchumba sugu. Mzazi mwenzangu, usimdanganye mtoto, wala usijifiche nyuma ya nguzo siku ya Misa. Mwambie: "Baba na mimi bado hatujafunga ndoa kanisani, nami natamani siku hiyo ifike." Papa Yohane Paulo wa Pili, katika hati ya Familiaris Consortio ya mwaka 1981, aliwahimiza hata waliotalikiana na kuoa au kuolewa tena wasijione wametengwa na Kanisa: wasikilize Neno, washiriki Misa, wadumu katika sala na wawalee watoto wao katika imani. Basi wewe ambaye njia ya kufunga ndoa iko wazi, maandalizi ya mwanao yawe sababu ya kumwona paroko. Ndoa takatifu haihitaji ukumbi wala kamati ya michango.

4. Sherehe na kiasi chake

Kufurahi na mtoto ni haki. Lakini nguo, keki na muziki vikiwa ndiyo mazungumzo ya wiki nzima, mtoto ataelewa kwamba hivyo ndivyo vilivyo vikubwa. Tena yupo mwenzake wa darasa ambaye kwao hawana cha kupika siku hiyo. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuwaandalia watoto wao wote chakula kimoja cha pamoja.

5. Mapendekezo

- Jumamosi jioni familia isome Injili ya Jumapili, na mtoto aulize chochote.
- Familia iende Misa pamoja, ikae mahali ambapo mtoto anaona altare.
- Mzazi amtembelee katekista, ajue mtoto amefika wapi.
- Wasimamizi wachaguliwe kwa imani yao, si kwa uwezo wa mfuko wao.
- Mtoto ajizoeze kutoa: aende na familia kumwona mgonjwa au mzee wa jumuiya.

6. Hitimisho

Watoto wengi hukomunika siku ya kwanza, kisha hawaonekani hadi mafundisho ya Kipaimara. Kipimo cha maandalizi yetu, kwa hiyo, ni Jumapili ya pili, ya tatu na zile zinazofuata, wakati hakuna gauni jipya wala zawadi. Nawaomba, kila familia hapa iamue leo kwamba Jumapili hizo mtoto hataenda Misa peke yake.