Ametulia, Lakini Je, Amelala?

Ukiingia chumba cha wagonjwa mahututi ukamkuta mzazi wako ametulia tuli, hata kope hazichezi, usiseme upesi kwamba amelala. Huenda amechomwa dawa ya kupoozesha misuli.

Mapafu yakiumia vibaya, mgonjwa huweza kushindana na mashine ya kupumulia: mashine inasukuma hewa, yeye anakohoa na kuikataa. Dawa hii humaliza ugomvi huo. Lakini humnyang'anya pia uwezo wa kupumua mwenyewe. Mpira wa mashine ukichomoka, hana hata pumzi moja ya akiba.

Tena haileti usingizi, wala haiondoi maumivu. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, daktari Scott Smith alijitolea kupoozwa kwa tubokurarini, dawa inayotokana na sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, bila kulazwa usingizi. Alishindwa kusema na kupumua, wenzake wakampumulisha. Alipozinduka misuli, akawaeleza yote aliyoyasikia. Yote!

Ndiyo maana kanuni ni moja: usingizi na dawa ya maumivu kwanza, kupooza baadaye. Na usingizi usikatishwe kabla misuli haijarudi. Wataalamu hupima kwa kifaa kidogo kinachoushtua mshipa wa fahamu wa mkono mara nne, wakahesabu kidole gumba kimecheza mara ngapi. Wauguzi nao hupaka macho mafuta na kuyafumba yasikauke, humgeuza mgonjwa asipate vidonda. Kazi hii haionekani, na kwa maoni yangu haisifiwi inavyostahili.

Desemba 2017, katika hospitali moja mjini Nashville, Marekani, mgonjwa aliyetakiwa kutulizwa kabla ya kupigwa picha alichomwa vekuroniamu kwa makosa. Mtoa dawa alikuwa ametafuta kwenye kabati la kompyuta kwa herufi mbili tu za mwanzo. Mgonjwa hakuwa kwenye mashine. Alifariki. Onyo lilikuwa limeandikwa juu ya kifuniko cha kichupa.

Wala si dawa ya kila mtu. Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000, uliotolewa Marekani mwaka 2019, haukuona kwamba kumpa mapema kila mwenye mapafu yaliyoharibika kunapunguza vifo. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumwuliza daktari: anapewa ya nini, na usingizi wake unalindwaje?

Nawe ukiruhusiwa kuingia, mwite mgonjwa wako kwa jina. Mwambie wewe ni nani, na leo ni siku gani.