Nyuklia na Maji ya Gucha

Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, hupita Kisii na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kwa hiyo wakulima wa chai wa Kebirigo, hukohuko Nyamira, nao wanahusika na mpango wa kituo cha nyuklia ambao sasa unatajwa Siaya, kando ya ziwa hilohilo. Kabla ya hapo ulitajwa Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliupinga hadharani mwaka 2024.

Hofu ya wakazi hao ina msingi. Kinu kikizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, hivyo lazima ipozwe bila kukoma. Fukushima, Japani, mwaka 2011, tsunami ilizima jenereta za dharura, maji ya kupoza yakakatika, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Chernobyl, mwaka 1986, kinu chenyewe kililipuka.

Hata hivyo, kwa kila uniti ya umeme, makaa ya mawe yameua watu wengi zaidi kuliko nyuklia, hasa kwa moshi wake.

Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019. Wananchi wakiitwa kutoa maoni, wahudhurie, na waulize kwanza: taka za nyuklia zitahifadhiwa wapi?