Siasa Ndani ya Somo la Kiingereza: Mada kwa Semina ya Walimu wa Sekondari



Ni desturi yetu sisi tunaosomesha Kiingereza kudhani kwamba siasa ni shughuli ya mwalimu wa uraia na ya mwalimu wa historia, na kwamba sisi, tulio na kazi ya nyakati za vitenzi na mpango wa sentensi, tumesalimika na ikhtilafu za dola na vyama. Dhana hiyo siiafiki. Naamini kwamba itikadi huingia darasani kwetu kwa wepesi zaidi kuliko kwao, kwa sababu mwanafunzi wa historia anajua kwamba anapewa khabari ambayo yeye anaweza kuisadiki au kuikanusha, ilhali yule anayefanya zoezi la sarufi hushughulika na umbo la sentensi tu, na maana yake ikampenya moyoni bila ya kuulizwa imetoka wapi.

Natutazame zoezi moja kwa karibu. Mwalimu anafundisha kauli ya kutendwa. Anaandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba Speke aligundua Ziwa Victoria mwaka 1858, kisha anawataka wanafunzi waigeuze sentensi hiyo, ziwa litangulie na Speke afuate. Mtoto wa Mwanza, ambaye mababu zake walivua katika maji yale kabla Speke hajazaliwa, ataandika kwamba ziwa liligunduliwa na Speke, na mwalimu, akiona kitenzi kimekaa sawasawa, atamtilia alama ya vema. Hapana mahali katika zoezi lile panapompa mtoto ruhusa ya kuuliza ni watu gani waliokuwako ufukoni siku Mzungu yule alipowasili. Wala hatajwi Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi Bara Hindi, naye ndiye aliyefuatana na Speke mpaka ziwani na kusemezana naye kwa Kihindustani. Mwalimu hakukusudia kudanganya, na aliyetunga kitabu yamkini naye hakukusudia. Lakini sentensi ile imerudiwa na darasa zima kwa sauti moja, na kinachorudiwa hivyo utotoni si rahisi kung'oka ukubwani.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalibuniwa kwa ajili ya makoloni peke yake. Huko Uingereza kwenyewe, kamati iliyoongozwa na Sir Henry Newbolt ilitoa taarifa yake mwaka 1921, baada ya vita vikuu, nayo ikatumainia kwamba fasihi ya Kiingereza ikifundishwa vyema shuleni itawaunganisha matajiri na mafukara wa nchi ile katika fahari moja ya taifa. Hayo ni maneno ya siasa, na walioyasema hawakuyaona kuwa ni aibu.

Kwetu sisi jambo kubwa zaidi lilipitia mlango wa mbinu za kufundishia. Mwezi wa Januari 1961, miezi kumi na moja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, aliichambua fikra ya mkutano ule akaikusanya katika kanuni tano: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mwenye lugha yenyewe, kwamba kuanza mapema ni bora, na kufundisha kwingi ni bora zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yeye aliziita kanuni hizo kuwa ni za upotofu. Mimi naongeza swali: ni nani aliyefaidika nazo? Zilimpa kazi mwalimu wa kutoka ng'ambo, zikampa soko mchapishaji wa London, na zikamfanya mwalimu wa Kiafrika, anayezijua lugha mbili au tatu, aone elimu yake hiyo kuwa ni kasoro ya kufichwa. Hata leo wako wenzetu wanaonong'ona wanapofafanua jambo kwa Kiswahili, wakihofia mkaguzi.

Tanzania tulipata fursa ya kulitazama jambo hili upya. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ukabainisha kwamba wanafunzi wengi hawakuweza kupata elimu kwa Kiingereza walichokuwa nacho. Na hatimaye, mwaka 1987, ukaanza mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa fedha za Serikali ya Uingereza. Mwenye kutafakari na apime mwenyewe mfuatano huo.

Hata hivyo insafu inanilazimu niseme la upande wetu pia. Mimi ni miongoni mwa wanaoienzi Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na ninaona heri kwamba mtoto wetu aliacha kusoma khabari za theluji akasoma khabari za shamba lake. Lakini kifungu cha ufahamu kinachosifu kijiji cha ujamaa, chenye maswali ya wanakijiji wanalima nini na wanavuna lini, pasiwe na hata moja linalouliza kama wote waliridhia kuhama katika Operesheni Vijiji, kina taksiri ileile ya sentensi ya Speke. Kupenda kwangu itikadi hiyo hakuifuti taksiri.

Najua nitaambiwa kwamba vipindi havitoshi na mtihani haungoji. Ninachokiomba ni kidogo. Katika kila kifungu tuongeze swali moja tu, ni nani aliyekuwako ambaye mwandishi hakumpa nafasi ya kusema, na wanafunzi waruhusiwe kulijadili kwanza kwa Kiswahili, hoja zikomae, ndipo waliandike jibu kwa Kiingereza. Alasiri hii, kwa idhini ya Mwenyekiti, kila kundi lichukue kitabu kinachotumika shuleni kwake katika kidato cha pili, litunge swali hilo kwa vifungu vitatu vya mwanzo, kisha swali lisomewe kundi jingine lilijibu.