BOMBA LA PIKIPIKI LISITUUNGUZE
Maneno ya Katibu kwa wanaushirika



Pikipiki ya porini bomba lake la moshi limepandishwa juu makusudi, lisigonge mawe wala kuingia maji mtoni. Faida ni hiyo. Hasara yake, joto lote linapita karibu na paja la dereva na mguu wa abiria. Karibu na injini bomba huzidi nyuzi 200. Hapo ngozi haina subira.

Kwa hiyo ndugu zangu tufanye hivi:

1. Bati la kinga lising'olewe. Likilegea lifungwe, wala lisigusane na bomba. Hewa ipite katikati.

2. Gunia la nailoni na koti la mvua vikae mbali. Vikigusa bomba vinayeyuka.

3. Ukitoka porini zima injini, ngoja ipoe, kisha toa majani makavu yaliyonasa. Wala usiegeshe kwenye nyasi kavu. Moto ukishika, shamba la mwenzio linakwenda.

4. Bomba likizidi moto kuliko siku zote, mwone fundi. Pengine injini inavuta hewa nyingi na petroli kidogo.

5. Abiria apande na kushuka upande usio na bomba, mara nyingi kushoto.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Ati dawa ya meno, ati majivu! Hapana jamani. Akiwa mtoto, au jeraha ni kubwa, zahanati mara moja.

Pikipiki ni mali yetu, na miguu ni yetu pia.